Mgeni Anayeruhusiwa Kuingia Mzizini

Mabibi na mabwana, ukuta wa seli ya kuvu umejengwa kwa dutu ngumu iitwayo khitini, na mmea ukiionja khitini mzizini hujiandaa kwa vita. Una haki, maana kuvu nyingi huja kuua. Hata hivyo, asilimia 70 hivi ya spishi za mimea ya nchi kavu huruhusu kundi moja la kuvu kuingia hadi ndani ya seli zake, na visukuku vya Rhynie, Uskoti, vinaonyesha kwamba desturi hii ina miaka milioni 400. Sasa mmea unamjuaje mgeni huyu?

Anayeanza kuita ni mmea wenyewe. Ukipungukiwa na fosfeti, kirutubisho chenye fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni, kwa kiasi kidogo mno, na kuvu ikizipata huanza kuchipuza matawi kwa wingi. Hilo lilibainishwa mwaka 2005. Kabla ya hapo strigolaktoni zilijulikana kwa ubaya tu: ndizo zinazoamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mahindi na mtama. Ukipiga mbiu, na mwizi husikia.

Kuvu hujibu kwa vipande vifupi vya khitini, vingine vikiwa vimeungwa na mnyororo wa mafuta. Wengi husema siri iko kwenye urefu: vifupi ni vya rafiki, virefu ni vya adui. Mimi naona huko ni kurahisisha mno. Vipokezi vya mmea husoma mchanganyiko mzima, na njaa ya fosfeti nayo ina sauti katika uamuzi.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia kuliko vyote. Ndani ya kiini cha seli ya mzizi, kiwango cha madini ya kalisi hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, kila baada ya dakika moja au mbili. Ukiwa na kiashiria kinachong'aa, unaona kiini kikimwekamweka chini ya hadubini. Protini iitwayo CCaMK huyasoma mapigo hayo na kuziamsha jeni za mapokezi. Kisha kiini hutangulia kuvuka seli, kikiacha nyuma yake njia ambayo uzi wa kuvu utaifuata. Yaani njia hutengenezwa kabla mgeni hajaingia!

Ndani ya seli uzi hutawanyika kama kijiti chenye matawi mengi, lakini hautoboi utando. Mmea huufunika kwa utando mpya. Hapo ndipo mmea hupokea fosfeti kutoka kwa kuvu, na kuvu hulipwa sukari na mafuta. Mafuta ni lazima, kwa sababu kuvu hii haina jeni za kuyaunda kuanzia mwanzo. Katika mimea ya Medicago, ya jamii ya kunde, iliyoharibiwa jeni ya PT4, inayopitisha fosfeti, vijiti hivyo hufa mapema: asiyeleta mzigo halishwi.

Na fosfeti ikijaa udongoni, mmea huzima jeni za mapokezi na kupunguza wito. Ndiyo maana mizizi iliyomwagiwa mbolea nyingi ya fosfeti mara nyingi huwa na kuvu haba.