Land Rover 109: mishale ya mafuta na joto inadanganya, tuanzie wapi?

Mwangaluka, ndugu zangu. Karibuni gereji, hapa Nyakato, Mwanza. Gari mnaloliona ni Land Rover 109 ya Series III, muundo ulioanza kutoka mwaka 1971, ule uliozihamisha geji kutoka katikati ya dashibodi hadi mbele ya dereva. Mwenye gari kalileta kutoka Sengerema. Mshale wa mafuta unasema tangi limejaa, wa joto unasema injini inachemka, na yote mawili si kweli. Alishaambiwa anunue geji mpya zote mbili. Tusinunue kitu kwanza.

Angalieni: mishale imekosea miwili kwa pamoja. Mafuta yana floti yake, yaani boya, tangini, joto lina sensa yake kwenye silinda hedi. Hivyo viwili ni nadra kufa siku moja. Kinachoviunganisha ni kikopo kidogo cha bati kilicho nyuma ya paneli, kinaitwa stabilaiza. Ungekuwa mshale mmoja tu unaokosea, ningeenda moja kwa moja kwenye floti au sensa yake.

Sasa nachomoa betri, naanza na hasi. Msiruke hatua hii. Huku nyuma kuna waya za kahawia zenye umeme muda wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na paneli imezungukwa na chuma. Spana ikigusa vibaya, mtaona moshi.

Nafungua skrubu za paneli, naivuta taratibu. Hii kebo nene ni ya spidomita, inazunguka tu, haina umeme. Nati yake inalegea kwa vidole.

Kabla ya kuchomoa waya wowote, pigeni picha kwa simu. Halafu someni rangi. Kijani ni umeme uliopita kwenye fyuzi baada ya ufunguo kuwashwa. Kijani hafifu unatoka stabilaiza kwenda kwenye geji. Kijani wenye mstari mweusi unakwenda kwenye floti, na wenye mstari wa buluu unakwenda kwenye sensa ya joto. Mweusi mtupu ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi la gari. Nyekundu wenye mstari mweupe ni taa za dashibodi. Gari lina zaidi ya miaka arobaini na rangi bado zinasomeka, mkizifuta vumbi kwa kitambaa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Oneni kipande hiki: mtu alikata waya tatu tofauti, akaunga zote kwa waya mwekundu wa spika. Kazi ilikwenda siku ile, lakini kila fundi aliyefuata amekuwa akipapasa gizani. Mimi nawaomba, waya ukiharibika, tafuteni wa rangi ileile kwenye gari lililochinjwa kwa vipuri. Na fyuzi ikikatika msiweke karatasi ya pakiti ya sigara. Fyuzi inakatika ili waya usiungue.

Turudi kwenye kikopo. Kimeandikwa B upande umeme unapoingia, na I upande unapotoka kwenda kwenye geji. Kazi yake ni kushikilia wastani wa volti 10, kwa sababu gari likichaji umeme unafika volti 14 na geji zingepanda bila sababu. Ndani mna kibati kinachopata joto, kinajikunja, kinakata umeme, kinapoa, kinaunganisha tena. Joto hilo linategemea ethi, na ethi yake ni bodi ya kikopo chenyewe. Skrubu ikishika kutu, kibati hakipati joto, hakikati, na volti zote za betri zinapita. Gari hili limevushwa kwa kivuko pale Kigongo na Busisi miaka mingi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, na unyevu wa ziwa umeingia kila kona. Napiga msasa hadi chuma king'ae.

Narudisha betri, nawasha ufunguo, napima. B ina volti 12.5. I inatakiwa irukeruke, iwe na umeme, ikate. Hii imeganda kwenye 12.4 hata baada ya msasa, kwa hiyo kibati kimenata.

Badala yake natumia regyuleta ya 7810, kidude cha miguu mitatu kinachotoa volti 10, cha bei ndogo, kwenye maduka ya vipuri vya redio. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, kushoto ni kuingia, kati ni ethi, kulia ni kutoka. Nachomoa betri tena, naifunga mgongo wake kwenye bati la paneli ili ipoe. Hii ni kwa gari lenye hasi kwenye bodi. Land Rover za kabla ya 1967 nyingi zina chanya kwenye bodi, msiifunge hivi.

Narudisha betri, nawasha. Joto limetulia. Mafuta sasa yamelala kwenye sifuri!

Wapo wanaogusisha waya wa floti kwenye bodi ili waone mshale ukipanda. Tangi la hili liko chini ya kiti na ni petroli, cheche sitaki. Nachomoa betri, napima waya kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, kutoka kwenye geji hadi kwenye floti. Haupitishi. Nafuata kwa mkono... huu hapa, umetafunwa na panya; ulikuwa umeshikiliwa na uzi mmoja, nao umeachia sasa hivi tukiwa kazini. Gari limebeba dagaa kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, na panya hufuata harufu hiyo hadi chini ya viti. Naunga kwa kijani chenye mstari mweusi, nje, mbali na tangi, nalehemu, navalisha mpira wa kubana.

Floti inasoma omu 110. Tupu huwa karibu 240, kujaa karibu 30. Narudisha betri, nawasha ufunguo. Msiwe na haraka, geji hizi hupanda polepole... nusu. Nachovya kijiti tangini: kimelowa hadi katikati.

Narudisha kebo ya spidomita, kisha skrubu.