Bolti Iliyobaki

MWALIMU: Karibuni tena gerejini. Wiki iliyopita tuliahidi kwamba leo tungetoa masomo matatu: kutu ya sakafu, matumizi ya pati ya kusawazishia bodi, na namna ya kupaka rangi ya msingi. Mnaotusikiliza tangu vipindi vya mwanzo mnajua kwamba mwenzangu ana Volkswagen Beetle ya mwaka 1965 ambayo kwa miaka miwili sasa imekuwa ikikaribia kumalizika. Fundi, kabla hatujaingia kwenye kutu, hebu waeleze kwa nini umekuja na kikopo mkononi.

FUNDI: Ndani ya kikopo hiki kuna bolti moja, Mwalimu. Jumamosi nilirudisha injini mahali pake, na kwa kuwa injini ya Beetle hushikwa kwenye gia boksi kwa bolti nne tu, sikuiona kama kazi ya kumkesha mtu. Nilifunga kila kitu, nikaunganisha waya na bomba la petroli, nikawasha, ikawaka. Nilipokuwa nikikusanya spana zangu ndipo nilipoiona hii, imelala chini kabisa ya ndoo.

MWALIMU: Ni ile ndoo? Ile niliyokusihi uiache, uchukue mifuko midogo na kuandika juu ya kila mfuko vilivyomo?

FUNDI: Ndiyo hiyo, na nilikujibu kwamba lebo zote nimeziandika kichwani.

MWALIMU: Basi moja imebanduka. Tuitazame kwanza. Kichwa chake kinaingia spana namba 13, na kiini chake kina unene wa milimita 8 hivi. Kwenye Beetle hapo hujasema kitu, kwa sababu bolti za unene huo ndizo zinazoshika madigadi, na ndizo zinazofunga bodi kwenye sakafu kutoka mbele hadi nyuma.

FUNDI: Nimezikagua zote nikiwa nimelala chini ya gari jioni nzima. Madigadi yametimia, na bolti za bodi zimo pamoja na wosha zake pana. Nilifungua hata kifuniko cha chujio la oili, ingawa zile nati sita ndogo haziwezi hata kulingana na hii.

MWALIMU: Ulimwaga oili mpya kwa ajili ya bolti isiyoingia pale?

FUNDI: Nilimwaga lita mbili na nusu, nikazichuja, nikazirudisha. Mtu mwenye wasiwasi hachagui pa kutafuta.

MWALIMU: Nina swali lingine, na ninaomba ujibu bila kunipitisha mlangoni na kunitolea dirishani. Ulipowasha, stata ilizunguka vipi?

FUNDI: Ilizunguka kwa uzito, kama mzee anayeamshwa usiku. Ilisema "ruu", ikanyamaza, kisha ikasema tena "ruu". Hilo nalijua sababu yake, na ndilo nililotaka tulizungumze.

MWALIMU: Mimi nadhani bolti yako ndiyo sababu. Kati ya gia boksi na chesisi kuna ule mkanda wa shaba uliosukwa, ambao ndio ethi ya injini nzima, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa kuwa gia boksi imekaa juu ya mipira na mpira haupitishi umeme. Bolti ya mkanda huo ikikosekana, umeme wa stata hulazimika kutafuta njia za kando, hata kupitia kebo ya akselereta.

FUNDI: Nimeukagua mkanda huo pia. Umefungwa pande zote mbili.

MWALIMU: Umefungwa juu ya chuma safi, au umefungwa juu ya kutu?

FUNDI: Kutu kidogo ipo.

MWALIMU: Wasikilizaji, kutu kidogo ipo.

FUNDI: Usinichekee, kwa sababu tatizo langu halianzi wala kuishia kwenye mkanda. Gari hili linatumia umeme wa volti 6, na mimi nimeamua kulipeleka kwenye volti 12. Taa ya mbele ya wati 45 hunywa ampea saba na nusu kwenye volti 6, lakini kwenye volti 12 hunywa nusu yake. Kila kiungio kilichochakaa hula sehemu ya umeme unaopita, na ukipitisha ampea maradufu kwenye mfumo wenye volti nusu, hasara hiyo kwa uwiano inakuwa mara nne. Ndiyo maana usiku nikiwasha taa naona kama nimebeba mishumaa miwili.

MWALIMU: Hesabu yako ni sahihi, ila tiba yako siikubali. Waliolibuni gari hilo walijua hesabu hiyohiyo, wakaweka nyaya nene kwa makusudi. Mfumo wa volti 6 wenye viungio safi na betri nzima huwasha Beetle bila kelele. Unachotaka wewe ni kubadilisha betri, dinamo, koili, kila globu, na kutafuta namna ya kupunguza umeme wa mota ya waipa, ili ukwepe kazi ya msasa na brashi ya waya.

FUNDI: Kampuni yenyewe ilihamia volti 12. Magari ya modeli ya mwaka 1967 yaliyouzwa Marekani yalitoka kiwandani hivyo. Ninachofanya ni kulipatia gari langu kitu ambacho waliolitengeneza walikiona ni bora miaka miwili tu baadaye.

MWALIMU: Walibadilisha na flaiwili pia, lile gurudumu zito la injini ambalo stata hulizungusha. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni pana zaidi, kiasi kwamba gia boksi yako lazima isagwe kwa ndani ndipo iipokee. Utaisaga?

FUNDI: Sitaisaga. Nitaiacha stata ya zamani iendeshwe na volti 12, kama wafanyavyo wengi, nayo itazunguka haraka.

MWALIMU: Itazunguka haraka na kuyagonga meno ya flaiwili kila asubuhi. Gari la 1965 ni ushahidi wa mwaka 1965. Maji ya kuoshea kioo chake husukumwa na upepo uliobanwa, na geji yake ya petroli huvutwa na kebo, haina hata waya mmoja. Ukianza kung'oa, utaachia wapi?

FUNDI: Nitaachia pale nitakapoweza kuendesha usiku na kuona shimo kabla sijaingia ndani yake. Magari haya yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho yalitoka Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Sichomi hati pekee iliyobaki duniani.

MWALIMU: Safisha ethi kwanza, kisha pima.

FUNDI: Nitaisafisha, kisha nitaweka volti 12.

MWALIMU: Basi ukifika kwenye betri, kumbuka kwamba iko chini ya kiti cha nyuma. Funika nguzo zake, kwa maana springi za kiti zikizigusa pale abiria mzito anapokaa, utapata mwanga ambao hukuutarajia.

FUNDI: Kwenye hilo tuko pamoja. Kwenye mengine, hapana.

MWALIMU: Naona tumebakiwa na dakika nne, na kutu, pati na rangi ya msingi hatujazigusa. Mtatuwia radhi. Nipe nati yoyote ya gari lako, nijaribu jambo moja kwenye hii bolti.

FUNDI: Hii hapa, ni ya digadi.

MWALIMU: Inaingia mzunguko mmoja, wa pili inakwama. Sitailazimisha. Fundi, hesi ya bolti hii si ya milimita. Ni ya inchi, unene wa sehemu tano kati ya kumi na sita za inchi, ambao kwa macho haitofautiani na milimita 8. Haijawahi kuwa kwenye Volkswagen yako hata siku moja.

FUNDI: Jioni nzima chini ya gari! Sasa imetoka wapi?

MWALIMU: Una kifaa gani cha zamani humu chenye vipimo vya inchi?

FUNDI: Ni jiliwa tu, lile lililofungwa juu ya meza ya kazi.

MWALIMU: Limefungwa kwa bolti ngapi?

FUNDI: Nne. Ngoja nitazame. Tatu.

MWALIMU: Na kwa sasa limebana nini?

FUNDI: Silinda hedi yako uliyoniletea juzi.

MWALIMU: Zima kinasa sauti.