Labrador wa Chokoleti na Kazi ya Windo

KOMBO: Haya, karibuni. Mimi ni Kombo, dada Rehema yupo, na leo ni zamu ya mbwa wa windo. Msikilizaji wetu mmoja yuko Uskoti, anafanya kazi kwenye shamba kubwa linalokodisha windo la ndege, na anataka kununua mtoto wa Labrador. Moyo wake umeangukia wa chokoleti. Wenzake wanamkataza. Wanasema wa chokoleti ni mkaidi, hafundishiki, achukue mweusi. Dada, wewe unaye wa chokoleti na unakwenda naye kazini. Tumwambieje?

REHEMA: Tumwambie rangi aiache kwanza, aulize wazazi wa huyo mtoto wanafanya kazi gani. Maneno ya wenzake yana chanzo, na nitakieleza, ila chanzo chenyewe si rangi.

KOMBO: Mbona basi kila mwenye bunduki ukimuuliza anasema hivyo hivyo?

REHEMA: Kwa sababu anasema alichokiona. Nenda kwenye mashindano ya mbwa wa windo hapa Uingereza, utakuta weusi wengi, wa manjano kiasi, wa chokoleti mmoja mmoja. Mtu anaondoka na jibu kwamba wa chokoleti hawezi. Lakini mtazame spanieli aina ya Springer, yule wa kahawia na mweupe. Wawindaji wa nchi hii wanamtegemea mno, na kahawia yake na ya Labrador wangu zinatoka kwenye jeni ile ile, TYRP1. Flat-coated Retriever, naye ni ritriva, yaani mbwa wa kuokota ndege kama Labrador, yuko mweusi na yuko wa rangi ya maini, ndiyo hiyo kahawia. Curly-coated vivyo hivyo. Chesapeake Bay Retriever wa Marekani ndiyo kabisa, kahawia ni rangi yake ya asili, na anaingia kwenye maji ya baridi kali kufuata bata bila kusitasita. Kama kahawia ingekuwa inaharibu akili, hawa wote wangekuwa wameachwa zamani.

KOMBO: Hapo nimekuelewa. Tatizo liko wapi basi?

REHEMA: Liko kwenye uzalishaji. Mbwa anatoka chokoleti akirithi nakala mbili za kahawia, moja kwa baba na moja kwa mama. Akipata moja tu anatoka mweusi, na ile ya kahawia anaibeba ndani bila kuonekana. Sasa mtu anayetaka watoto wa chokoleti kwa uhakika anatafuta baba chokoleti na mama chokoleti, au angalau wanaoibeba. Uwanja wake wa kuchagua umeshakuwa mdogo. Mwenzake anayefuga kwa ajili ya kazi anachagua pua, utulivu, mwendo, mapenzi ya maji, na rangi itakayotoka itoke. Baada ya vizazi kadhaa wa kwanza ana mbwa wazuri wa kutazama, wa pili ana mbwa wa kazi. Na kwa kuwa chokoleti alipendwa zaidi majumbani na kwenye maonyesho, wengi wao wametoka kwa yule wa kwanza.

KOMBO: Lakini rangi yenyewe ni ya juzi tu, au ilikuwepo toka mwanzo?

REHEMA: Ilikuwepo. Asili ya Labrador ni Newfoundland, upande wa mashariki wa Kanada. Wavuvi wa kule walikuwa na mbwa mweusi wa manyoya mafupi, wanamwita mbwa wa St. John's. Kazi yake kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki walioponyoka. Meli zilizoleta samaki bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, zikaja naye. Earl wa Malmesbury, mwenye ardhi karibu na hapo, akaona huyu anafaa kuokota bata kwenye kinamasi. Miaka ya 1880 ukoo huo ukawapa mbwa Duke wa Buccleuch na Earl wa Home kule Uskoti, na wawili kati yao, Ned na Avon, wanatajwa kama mababu wa Labrador wa leo. Sasa sikiliza: banda hilo hilo la Buccleuch, mwaka 1892, waliandikwa watoto wawili wa rangi ya maini. Kennel Club, chama kinachosajili mbwa Uingereza, wameitambua Labrador 1903. Kwa hiyo chokoleti alikuwemo kabla hata jina halijasajiliwa.

KOMBO: Na bado akabaki nyuma.

REHEMA: Muda mrefu. Bingwa wa kwanza wa chokoleti hapa Uingereza, Cookridge Tango, alipata cheo chake 1964. Na hicho ni cheo cha maonyesho, ulingoni, majaji wanatazama umbo. Wakati huo weusi walikuwa wanashindana kwenye windo kwa zaidi ya nusu karne. Ubingwa wa ritriva wa Uingereza ulianza 1909. Banchory Bolo, mweusi wa Lorna, Countess Howe, alikuwa Labrador wa kwanza kuwa bingwa wa windo na wa maonyesho, yote mawili. Damu kama hizo ndizo zilizojenga mabanda ya kazi, na chokoleti hakuwa kwenye hesabu.

KOMBO: Kuna utafiti wowote, au ni maneno ya vijiweni?

REHEMA: Upo, na sitaki kuuficha kwa sababu unaniuma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwauliza wenye Labrador juu ya tabia za mbwa wao, wakachapisha 2014. Wa chokoleti walipata alama za chini kwenye kufundishika na za juu kwenye kuhangaika. Lakini utafiti huo huo uliona mbwa wa windo wanafundishika kuliko wa nyumbani na wa maonyesho. Kazi na ukoo vina uzito. Halafu ukaja ule wa 2018, wa Royal Veterinary College pamoja na Chuo Kikuu cha Sydney, uliotumia kumbukumbu za madaktari wa mifugo za Labrador zaidi ya 33,000. Wa rangi nyingine, umri wa kati wa kufa ulikuwa miaka 12.1. Wa chokoleti, miaka 10.7.

KOMBO: Mwaka na zaidi! Hiyo si ndogo.

REHEMA: Si ndogo hata kidogo. Na maradhi ya masikio yalionekana kwa 23.4% ya wa chokoleti, dhidi ya 12.8% ya weusi. Ngozi pia, vile vidonda vya kujilamba na kujikuna, 4% dhidi ya 1.1%. Watafiti wenyewe walisema inawezekana ni matokeo ya wafugaji kulenga rangi. Ndiyo maana nasema kwa nguvu: anayezalisha chokoleti kwa chokoleti kwa sababu soko linataka, anawaumiza hawa mbwa. Mimi masikio ya Karafuu, mbwa wangu, nayakagua kila tukitoka majini. Nayakausha, nanusa. Sikio likianza kunuka kama hamira ujue limeshaanza.

KOMBO: Tueleze kazi yenyewe, maana wasikilizaji wengi wakisikia mbwa wa windo wanamwona anakimbiza swala porini.

REHEMA: Huyu hakimbizi wala haui. Kazi yake kubwa ni kukaa kimya. Mstari wa wawindaji umesimama, ndege wanaruka juu, bunduki zinalia, ndege anaanguka hatua ishirini mbele ya pua yake, na yeye anakaa. Mpaka aambiwe. Mimi niko nyuma ya mstari na waokotaji wenzangu. Sasa kuna yule ndege aliyevunjika bawa tu. Fesanti dume, yule ndege wa windo wa jamii ya kuku, anaanguka ng'ambo ya ua, miguu mizima, anatimua mbio kuingia miibani. Huyo ndiye wa kwanza kufuatwa, kwa sababu anateseka. Namleta Karafuu mpaka pale palipo na manyoya chini, naonyesha kwa mkono. Anainamisha pua, mkia unaanza kuzunguka, halafu ghafla unabadilika, unapiga haraka haraka. Hapo ameshika harufu. Anavuka mtaro, anapotea. Sauti hakuna, miiba inatikisika tu. Kisha anatoka kichwa juu, ndege hai mdomoni, shingo imenyooka, hata unyoya haukung'oka. Ananipa mkononi, namaliza ndege papo hapo, halafu napapasa mbavu za ndege pande mbili kwa kidole gumba na cha shahada. Zikiwa zimepondeka, mbwa ana mdomo mgumu.

KOMBO: Na mdomo mgumu ni kosa.

REHEMA: Kwenye mashindano anatolewa. Jaji anazipapasa mbavu vile vile. Kubweka au kulialia, anatolewa. Kukimbilia ndege bila kutumwa, anatolewa. Kukataa maji, anatolewa. Huyo msikilizaji wetu akimtazama mzazi wa mtoto anayemtaka, atazame hayo hayo. Kulialia hasa, maana wafugaji wengi wanaamini kunarithiwa, na ni vigumu sana kumwachisha mbwa aliyekwisha kuzoea.

KOMBO: Dada, kabla hatujaendelea. Wako wasikilizaji Waislamu, wa kwetu Pemba, Lamu, Muscat, wanakusikia unapokea ndege kutoka mdomoni mwa mbwa na wanashtuka.

REHEMA: Wana haki ya kuuliza. Sisi tumelelewa kwenye madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, chombo kinaoshwa mara saba na moja ni kwa udongo. Sijaliacha hilo. Karafuu ana banda lake nje, nguo za kazi zina pahala pake, na siingii nazo ndani. Lakini mnyama wa kuwinda aliyefunzwa ametajwa kwenye Qurani, Sura Al-Maida, aya ya 4. Na hadithi inayokataza kufuga mbwa imemtoa wa windo, wa mifugo na wa shamba. Mimi namfuga kwa kazi, na kazi anaifanya.

KOMBO: Tumeelewana. Sasa mtoto akishapatikana, msikilizaji wetu aanzie wapi?

REHEMA: Aanzie na kukaa na kusubiri, na asiharakie kurusha vitu. Wengi wanamrushia mtoto mpira mara hamsini kwa siku, halafu wanashangaa kwa nini hatulii. Urushe mifuko ya mazoezi, ile ya turubai ya nusu kilo, na mingi ukaiokote mwenyewe yeye amekaa anatazama. Filimbi pia mapema. Mlio mmoja mrefu: simama, kaa, nitazame. Milio mifupi mfululizo: njoo. Ukiwa nao huo wa kusimama, unaweza kumpeleka kwenye ndege ambaye hakumwona akianguka, kwa mkono tu, kulia, kushoto, nyuma zaidi. Bunduki baadaye, kutoka mbali, taratibu, ukisogea akiwa na furaha tu.

KOMBO: Chakula? Labrador na chakula...

REHEMA: Wengine ni njaa ya kuzaliwa nayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha 2016 kwamba karibu robo ya Labrador wana jeni ya POMC iliyokatika kipande, na mbwa huyo hashibi upesi. Flat-coated wamekutwa nayo pia. Kwa mafunzo inasaidia, kwa mwili inaumiza, kwa hiyo apime chakula kwa mzani, asikadirie kwa macho.

KOMBO: Na kama hakulazimika kuwa Labrador?

REHEMA: Golden Retriever wa ukoo wa kazi ni mbwa mzuri sana, na ni wa huko huko Uskoti, Lord Tweedmouth alianza nao Guisachan mwaka 1868. Ila wanachelewa kukomaa, awe na subira. Yule ritriva wa Nova Scotia, Kanada, anayecheza ufukweni mpaka bata wanasogea kumtazama, nampenda, lakini si kwa shamba lake la fesanti. Kwa kazi aliyoieleza, Labrador.

KOMBO: Wa chokoleti?

REHEMA: Wa chokoleti, kama mama yake ameonekana akifanya kazi msimu huu, na si picha, aende mwenyewe. Msimu wa fesanti ni tarehe 1 Oktoba mpaka 1 Februari, anao muda. Adai matokeo ya nyonga na viwiko, kipimo cha macho, na kipimo cha EIC, ule ugonjwa unaomwangusha mbwa miguu ya nyuma akikimbia sana. Mfugaji akianza kuzungumzia rangi kabla ya karatasi hizo, aage, aende banda jingine. Na akikuta huko wapo weusi tu, karatasi safi, mama anafanya kazi kimya, achukue mweusi.