Prague, Februari 1948: Mawaziri 12 na Hesabu Iliyowaponza

Mabibi na mabwana, tukisikia chama kimoja kimetwaa nchi, tunawaza vifaru. Czechoslovakia haikutwaliwa kwa vifaru. Majeshi ya Sovieti yalikwisha kuondoka mwishoni mwa 1945, na katika uchaguzi wa Mei 1946 Wakomunisti walipata asilimia 38 ya kura. Vyama vingine vilibaki serikalini, magazeti yakaendelea kutoka, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Ila tazameni wizara walizochukua Wakomunisti. Mambo ya Ndani, chini ya Václav Nosek, ilikuwa na polisi. Habari ilikuwa na redio. Kilimo, nayo watu huisahau, ndiyo iliyogawa mashamba ya Wajerumani waliofukuzwa. Aliyepewa shamba angeuliza nini kuhusu vyeo vya polisi? Kwa maoni yangu, kutojali kule hakukuwa ujinga. Watu walikuwa wamepata kitu, wakaogopa kukipoteza.

Februari 1948 Nosek akawaondoa makamanda 8 wa polisi wa Prague, mji mkuu, wasio wa chama chake. Tarehe 13 baraza la mawaziri likamwagiza asitishe hatua hiyo. Akapuuza. Tarehe 20 mawaziri 12 wasio Wakomunisti wakajiuzulu, wakitumaini Rais Beneš angezikataa barua zao. Hesabu ndiyo iliyowaponza: baraza lilikuwa na watu 26. Kumi na wawili hawafiki hata nusu, kwa hiyo serikali haikuanguka; ilibaki na viti vitupu, na Gottwald, waziri mkuu na kiongozi wa Wakomunisti, alikuwa na watu wa kuvikalia. Tena waliojiuzulu hawakuwa wamewaandaa wafuasi wao. Gottwald alikuwa na kamati zilizoingia maofisini, wanamgambo wa viwandani wenye bunduki, na mgomo wa saa moja tarehe 24. Siku iliyofuata Beneš akazikubali barua za kujiuzulu. Wanafunzi walioandamana kuelekea ikulu walizuiwa na polisi, na bila shaka mnakumbuka polisi hao walikuwa wa nani.

Miaka mitano baadaye, Mei 1953, Rais Zápotocký wa chama hicho hicho alitangaza redioni kwamba sarafu ni imara. Siku chache tu baadaye, tarehe 1 Juni, fedha taslimu zinazozidi krone 300 kwa kila mtu zilibadilishwa krone 50 za zamani kwa 1 mpya. Akiba zikayeyuka. Wafanyakazi wa mji wa viwanda wa Plzeň, tabaka ambalo chama kilidai kulisemea, wakamiminika barabarani na kuvamia ukumbi wa mji. Waliowatawanya walikuwa askari na wanamgambo wa viwandani.