Kabla hujatoboa mtaro

Mwenyekiti wa mtaa, wajumbe, mafundi, ndugu zangu wenye nyumba, asanteni kwa kuja. Wengine mmeshanisikia nikilisema jambo hili: usitoboe mtaro wa barabara bila kibali. Nitalisema tena, kwa sababu masika yamebakiza wiki chache kuanza, na jana nikipita barabara ya hapo chini nimekuta bomba jipya limetobolewa ukutani mwa mtaro, saruji bado mbichi.

Sianzi na sheria. Naanza na bomba moja.

Nikiwa bado kazini kwenye barabara za mitaa hapa Dar es Salaam, mzee mmoja alijenga nyumba ya kupangisha katika mtaa wa bondeni. Uwanja wote akautandaza vitofali vya saruji, hakuacha hata shimo la mpapai. Mvua ilipoanza, maji yakasimama uani kwake. Akamwita fundi. Usiku wakainua mfuniko, wakatoboa ukuta wa mtaro wa barabara, wakapitisha bomba la inchi 6, wakarudishia mfuniko. Asubuhi hakuna aliyejua. Lakini fundi yule hakulikata bomba likawa sawa na ukuta. Aliliacha limechomoza ndani ya mtaro, urefu wa mkono wa mtu mzima.

Mnajua mtaro wetu unapitisha nini. Mchanga, mifuko, vifuu, chupa, malapa. Mfuko wa kwanza ulinasa kwenye lile bomba. Wa pili ukanasa kwenye wa kwanza. Mchanga ukakosa kasi ya kuusukuma, ukatua. Mvua kubwa ya Aprili ilipokuja, mtaro ulikuwa umejaa hadi karibu na mfuniko, na maji yakatafuta njia nyingine. Njia yenyewe ilikuwa mlango wa mama mwenye genge, nyumba 3 upande wa juu. Mama yule hana bomba, hana vitofali, hakutoboa kitu. Alipoteza unga, magodoro, na madaftari ya watoto.

Basi maneno yakaanza: serikali imejenga mtaro mwembamba, mkandarasi amekula fedha. Tukaja na vijana, tukainua mifuniko mmoja baada ya mwingine. Kwenye mfuniko wa 9 tukalikuta bomba limejishikia takataka, na katikati yake godoro la mtoto mchanga. Mtaro ulikuwa mzima kabisa.

Kama mzee angekuja kuomba kibali, angeambiwa nini? Mhandisi angefika, angepima kina. Angemwambia bomba liishie sawasawa na uso wa ukuta, liingie kwa mshazari likifuata maji yanakokwenda, lisiyakabili maji uso kwa uso, na likae juu kidogo ya sakafu ya mtaro ili mchanga usilizibe. Ndani ya ua wake angejenga chemba ndogo ya kunasa mchanga, aisafishe mwenyewe. Fundi angeongeza nusu siku tu.

Halafu angemuuliza swali ambalo mimi naliona ndilo lenyewe: maji mangapi? Fanyeni hesabu nami. Paa na uwanja, mita 20 kwa 20, ni mita za mraba 400. Ikinyesha milimita 50, na siku kama hiyo masika hatuikosi, mnapata lita 20,000. Hayo ni maboza 2 ya lita 10,000 yaliyofunguliwa barabarani kutoka nyumba moja. Zamani sehemu kubwa ilizama kwenye mchanga wa uani. Sasa wekeni nyumba 30 za namna hiyo.

Nasikia mtu anasema, basi tuweke mabomba makubwa. Nakubali. Bomba la inchi 12, kwenye mteremko uleule, halipitishi mara 2 ya bomba la inchi 6. Linapitisha zaidi ya mara 6. Lakini mtaro unaoyapokea haujapanuka.

Na yupo mwingine, namwona pale nyuma anatikisa kichwa: ofisini wananizungusha. Ndugu yangu, una haki kukasirika. Watu wengi bado wanakwenda manispaa, wanaambiwa siyo hapa. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Sheria ya Barabara ya 2007 inataka uombe idhini kwa anayeisimamia barabara yenyewe kabla ya kuchimba kwenye hifadhi yake, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara. Jua kwanza barabara yako ni ya nani, andika barua, chora ramani hata kwa mkono, pitia kwa mwenyekiti. Na ofisi nazo nazidai: njooni mwone eneo, jibuni kwa maandishi, jibuni kabla mvua haijamjibu. Mwananchi akingoja bila jibu, atachimba usiku.

Mwingine atasema namsingizia mzee wa watu, mafuriko ya Dar yanatoka mto Msimbazi. Sikatai. Desemba 2011 tulizika zaidi ya watu 40, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Bonde lile lina mambo yake mazito: mchanga unaotoka juu, makazi, mto wenyewe kujaa. Ila sehemu ya maji yanayofika Jangwani, kule chini bondeni, imepita kwanza kwenye mitaro kama huu wetu.

Nilitaka kusema kwa kirefu kuhusu kukata lami, muda haupo. Kwa haraka: anayekata barabara kupitisha bomba akate kwa mstari ulionyooka, arudishie tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Ukirudishia udongo wote kwa koleo na kuukanyaga kwa mguu, masika unadidimia, maji yanaingia chini ya lami, na kiraka kinakuwa shimo la bodaboda kuangukia. Na barabara mpya ikijengwa, tudai mabomba ya akiba yapitishwe chini yake mapema, isikatwe mwezi unaofuata.

Kutapisha vyoo mitaroni mvua ikinyesha, hilo sina maneno ya upole nalo. Ni kuwapelekea kipindupindu watoto wa wenzako. Mwenyekiti ameahidi kikao cha jambo hilo.

Naona ananionyesha saa. Fundi mwenye mkanda wa kupimia atangulie. Lile bomba la saruji mbichi liko hatua 200 kutoka hapa. Tuinue mfuniko tukalione kabla giza halijaingia, na mwenye nyumba yumo humu, nimeshaongea naye, amekubali likatwe kesho.