Aproni mbili kutoka doti moja ya kanga: zawadi yenye jina lake

Karibuni sana. Mezani kwangu leo kuna doti moja ya kanga, mpya kabisa, bado ina wanga wa dukani. Jina lake ni "Nani kama mama". Tutaikata tutengeneze aproni mbili. Moja naipeleka kwa mama yangu mzazi, ya pili kwa mama yangu mdogo aliyenilea miaka niliyokuwa nasoma. Doti ina vipande viwili, na mimi nina mama wawili. Nilipoiona tu imetundikwa dukani nikajua tayari nani atavaa nini.

Kabla ya mkasi, tuongee kidogo kuhusu kanga yenyewe, maana hapa ndipo zawadi inapoharibika au kupendeza.

Itandaze kanga yako sakafuni kama mimi hapa. Inazungukwa na pindo pande zote nne. Katikati kuna mji, yaani ile sehemu ya ndani inayozungukwa na pindo. Na chini ya mji, karibu na pindo la chini, ndipo jina lilipo. Zamani majina haya yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndipo zikaja herufi tunazosoma leo. Ukiangalia pembeni utaona maandishi madogo ya mwenye mali. Wale wa Mombasa, ambao kanga huiita leso, wanaijua vizuri alama ya "Mali ya Abdulla", duka lililoanza mwaka 1887.

Sasa, jina ndilo zawadi. Kitambaa kinabeba tu. Aproni yangu ya kwanza nilikata haraka haraka, nikaangalia maua na rangi, sikuangalia jina. Mama alipoifungua akasoma "kama mama", akaigeuza, akatazama upande wa pili, akarudi tena mbele. Alikuwa analitafuta neno "Nani", nami nilikuwa nimelikata likabaki kwenye vitambaa vya kutupa. Hakusema kitu, aliivaa. Lakini ule mkono uliokuwa unapapasa kitambaa ukitafuta neno sijausahau. Ndiyo maana leo kila kipimo kinaanzia kwenye jina.

Na lichague kwa makini huko dukani. Kwa rafiki aliyekusimamia wakati wa shida, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" linatosha, huhitaji hata kadi. Lakini ukimpelekea wifi yako kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" kwa kuwa tu umependa rangi yake, umeanzisha maneno ukweni. Mpokeaji ataisoma, na majirani watamsomea. Mwombe muuzaji akufungulie doti yote usome hadi mwisho kabla ya kulipa.

Jambo jingine la dukani: hakikisha ni pamba tupu. Aproni inavaliwa karibu na moto. Chomoa uzi mmoja mwembamba, uushike kwa kibanio, uuwashe juu ya sahani. Tazama huu wangu: umeungua, unanuka kama karatasi iliyochomwa, na majivu yake ni laini, yanasagika kidoleni. Hiyo ni pamba. Uzi ukijikunja na kuyeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, na poliesta ikishika moto huyeyukia kwenye ngozi. Hiyo shonea foronya, usishonee aproni.

Kisha ifue. Najua inauma kufua kanga mpya kabla hujaikata, inapoteza ule mng'aro. Ifue hivyo hivyo, peke yake, kwa maji baridi, mara mbili au tatu hadi maji yatoke meupe. Pamba hurudi ikiingia majini, na ukishona kwanza ukafua baadaye, kamba zitajikunja na mfuko utavuta. Anika kivulini, ipige pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Pasi ya umeme, pasi ya mkaa, zote sawa, ila ya mkaa futa kitako chake kwanza.

Vifaa vyetu: mkasi mkali wa kitambaa, futi ya kupimia, chaki ya fundi, pini, sindano ya mkono, uzi unaofanana na rangi ya pindo, na cherehani. Ya kwangu ni ya miguu. Nimefunga sindano namba 14. Kama huna cherehani, kila mshono nitakaoonyesha unaweza kuushona kwa mkono kwa kurudi nyuma kila hatua, utachukua jioni tatu badala ya moja.

Tuanze. Kata doti yako katikati upate vipande viwili. Kimoja kiweke kando. Hiki kimoja kina urefu wa kama sm 150 na kimo cha kama sm 110, lakini pima cha kwako, hazilingani zote.

Pima jina kwanza, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Langu lina sm 52. Aproni yetu ikimalizika itakuwa na upana wa sm 72, kwa hiyo jina linakaa na nafasi pande zote mbili. Likizidi sm 66, ongeza upana wa aproni, usilibane. Gawanya kipimo cha jina kwa mbili, weka alama ya chaki pale katikati. Hapo hapo kunja kanga yote, kutoka chini hadi juu, jina likiwa upande wa nje ili uendelee kuliona. Zishike kingo za chini zilingane sawasawa, piga pini.

Sasa tuchore. Sikiliza taratibu, ukitaka simamisha video.

Kuanzia kwenye mkunjo, pale chini, pima sm 38 kwenda pembeni. Weka alama. Panda nayo juu kwa mstari ulionyooka hadi kimo cha sm 64 kutoka ukingo wa chini. Hapo ndipo kiuno kinapoishia na kwapa linapoanza. Rudi kwenye mkunjo, panda hadi kimo cha sm 92, na hapo juu pima sm 16 kwenda pembeni. Hicho ni kifua. Kinachobaki ni kuunganisha kifua na kiuno kwa mstari uliopinda wa kwapa. Shuka kutoka kifuani karibu wima, ukifika kimo cha sm 74 uwe sm 20 kutoka kwenye mkunjo, kisha anza kufungua nje hadi uikute ile alama ya kiuno. Chora kwa mkono mwepesi. Kama mstari umekupindia, ufute, chora tena. Chaki haina gharama.

Angalia tena jina. Lipo lote? Hakuna herufi iliyogusa mstari? Haya, kata.

Fungua. Tazama jinsi pindo la chini lilivyogeuka kuwa pindo la aproni, na jina limekaa juu yake kama lilivyokusudiwa. Mimi huku juu kifuani kimebaki kipande cha pindo la juu pia, nimekipenda.

Mabaki msitupe. Huu upande wa kushoto una upana wa kama sm 37. Kata humo vipande virefu vitatu, kila kimoja upana sm 8. Viwili vikate urefu wa sm 95, ni kamba za kiuno. Cha tatu kiache na urefu wake wote, kisha kigawe katikati, upate kamba mbili za shingo, kama sm 55 kila moja.

Hapa nieleze kwa nini kamba za shingo ni mbili za kufunga, si kitanzi kimoja cha kupitisha kichwani kama aproni nyingi za dukani. Mama yangu anavaa ushungi, mama mdogo anafunga kilemba. Kitanzi kinamlazimu mtu ajivue na kujifunga upya kila anapoingia jikoni. Kamba za kufunga hazigusi kichwa. Mfikirie unayemshonea, ana mwili wake na mavazi yake.

Upande wa kulia tukate mfuko, sm 28 kwa sm 22. Ukate ule urefu wa 28 ukifuata pindo la ubavuni, halafu ugeuze ulale. Unaona? Pindo limekuwa mdomo wa mfuko.

Sasa cherehani. Kabla hujagusa aproni, shona mstari mmoja kwenye kipande cha kutupa. Geuza uangalie chini. Ukiona vitanzi vya uzi chini ya kitambaa, usihangaike na bobini yenye uzi wa chini, tatizo liko juu: uzi wa juu haujakaa vizuri au umelegea. Inua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, tunga uzi upya toka mwanzo, jaribu tena. Fundi aliyenifundisha alikuwa haniruhusu kushona nguo ya mtu bila kumletea kwanza kile kipande cha majaribio. Nami bado nakifanya.

Kwapa ndilo gumu, tulianze tukiwa hatujachoka. Kitambaa kilichokatwa kwa mshazari kinavutika, ukikikunja tu kwa vidole kinakuwa na mawimbi. Dawa yake: shona mstari mmoja kufuata ukingo wote uliopinda wa kwapa, nusu sentimita kutoka ukingoni, bila kukunja kitu. Ukimaliza, kunja ukingo kwenda ndani kwenye mstari huo huo, piga pasi. Kunja tena nusu sentimita, piga pasi, halafu piga bandi kwa mkono, hatua ndefu ndefu. Sasa ndipo ushone kwa mashine, polepole, miguu isikimbie. Mikono iongoze tu kitambaa, usikivute. Tazameni hapa karibu: mkunjo umelala, hauna wimbi. Bandi tutaifumua mwishoni.

Ubavuni ni rahisi, kunja sm 1, tena sm 1, pasi, shona. Kifuani juu kunja sm 1 kisha sm 3, shona. Chini sikunji kitu: ule ukingo mrefu wa kanga umetoka kiwandani haufumuki. Kama wa kwako una ukanda mweupe usiopendeza, ukunje mara moja kwenda ndani, shona.

Kamba. Kunja kipande katikati kwa urefu wake, piga pasi, fungua. Sasa kuna mstari katikati. Leta kingo zote mbili zikutane kwenye mstari huo, pasi. Ncha moja iingize ndani sm 1. Kisha funga kama kitabu. Umepata kamba ya sm 2, imara, haina uzi unaoonekana. Shona ukingoni kabisa. Fanya hivyo kwa zote nne.

Kuziunganisha: ile ncha ambayo haijakunjwa iingie nyuma ya aproni, sm 3, ukiikunja kidogo ili isifumuke. Za shingo kwenye pembe za kifua, za kiuno pale kwapa linapoishia. Shona mraba, halafu ndani ya mraba pitisha mistari miwili inayokatizana. Usitegemee mstari mmoja, hapa ndipo panapovutwa kila siku.

Mfuko. Mdomo wake kunja sm 1, tena sm 2, shona. Pande tatu nyingine kunja sm 1, piga pasi. Uweke katikati ya aproni, mdomo ukiwa kama sm 9 chini ya kiuno. Kitako cha mfuko lazima kiwe juu ya jina, tena kwa nafasi ya kutosha. Piga pini, simama mbali, soma jina. Linasomeka? Shona pande tatu, na pembe za juu ushone pembetatu ndogo, kwa sababu mama ataweka funguo, simu, na vitu vyote vya nyumba hii humo.

Fumua bandi, kata nyuzi zote zinazoning'inia, hata zile za nyuma asizoziona mtu.

Kipande cha pili nenda nacho vivyo hivyo. Yale mabaki madogo yaliyobaki yapange matabaka manane, yashone pembeni na katikati, yawe vishikio vya sufuria. Matabaka yasipungue hayo, sufuria ya ugali haina huruma na vidole.

Mimi nimemaliza zote mbili. Sitazifunga kwenye karatasi. Kunja aproni yako mara tatu kwa urefu kutoka juu kuja chini, pembe zake zikiingia nyuma, ili jina libaki juu. Zungusha kamba za kiuno, funga fundo mbele, chini ya maandishi. Hii ya mama naipeleka mwenyewe Ijumaa. Hii ya mama mdogo inapanda basi kesho asubuhi kwenda Tanga, na nimeshampigia simu binti yake aipokee stendi. Nimemwambia asimsomee. Amkabidhi tu, aifungue mwenyewe.