Chupa Tatu na Ini Moja: Mhadhara kuhusu Mafuta ya Kupikia

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, habari za jioni.

Nimekuja na chupa tatu, mnaziona hapa mezani. Ya kwanza ni mafuta ya nazi. Ya pili ni haya ya mawese yaliyosafishwa, ambayo wengi wetu tunapimiwa dukani. Ya tatu ni ya alizeti kutoka Singida. Jana usiku nililaza zote kwenye friji. Tazameni sasa: ya nazi yamekuwa jiwe. Ya mawese yamefanya ukungu na kuganda kama uji. Ya alizeti, ona, bado yanamwagika.

Ningeweza kukaa chini hapo hapo, maana nusu ya somo mmeshaliona. Lakini mmenipa muda, nitautumia.

Anzeni na maandishi ya chupani: "Haina lehemu". Lehemu ndiyo ile kolestro tunayowaambia mkija kupima. Maandishi hayo ni ya kweli, lakini hayakusaidii kitu. Lehemu ni mali ya miili ya wanyama na binadamu, na karakana yake kubwa ni ini. Mnazi hauna ini. Kuandika hivyo kwenye mafuta ya mimea ni sawa na kuandika kwenye pakiti ya chumvi kwamba haina mifupa. Swali la kuiuliza chupa ni jingine: mafuta yako, yakifika kwenye ini langu, yataliambia nini?

Ini hutengeneza lehemu, huitumia kutengenezea nyongo, na hukusanya ile iliyozagaa kwenye damu. Kwa kazi hiyo ya kukusanya lina milango, maelfu kwa maelfu, kwenye seli zake. Waliogundua milango hiyo ni Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ukila kwa wingi mafuta mgando, yaani ya tabia ile ya jiwe mnayoiona hapa, milango hupungua. Lehemu iliyopaswa kuingia ndani hubaki ikizunguka barabarani, na barabara zenyewe ni mishipa ya moyo. Mafuta laini, yale yanayobaki yakimwagika kama ya alizeti, hufanya kinyume chake.

Kwa hesabu ya makadirio, katika kila gramu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni mgando. Samli ni kama 60. Mawese yanakaribia 50. Pamba ni robo hivi, karanga kama 17, ufuta kama 14, alizeti kama 11.

Sasa niwapeleke Mauritius, kisiwa jirani yetu katika bahari hii hii. Huko serikali ilikuwa na mafuta ya mgao, yenye bei ya ruzuku, ambayo karibu kila jiko liliyatumia. Yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa. Mwaka 1987 wakaanza mpango wa kupambana na kisukari na magonjwa ya moyo, na ndani yake wakafanya jambo ambalo mimi nalihusudu mpaka leo: mafuta ya mgao yakabadilishwa, yakawa ya soya. Mwananchi hakutakiwa kubadili duka wala karai. Walipopima tena mwaka 1992, wastani wa lehemu kwenye damu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Kwa taifa zima, huko ni kushuka kukubwa mno. Kampeni nyingine zilikuwepo, za sigara na pombe, kwa hiyo sitayapa mafuta sifa yote. Lakini sikilizeni hili: katika miaka ile ile mitano watu wa Mauritius walinenepa. Lehemu ilishuka wakati viuno vinapanuka. Likumbukeni, nitalirudia.

(Mzee mmoja: "Daktari, babu zetu wamekula tui mpaka wakazeeka!")

Marahaba, mzee wangu, nilikuwa nakusubiri. Kuna jamii mbili za visiwa vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, zilizoishi kwa nazi kuliko hata Pemba. Watafiti walikuta watu wa Tokelau wakipata asilimia 63 ya nishati yao kwenye nazi, na wale wa Pukapuka asilimia 34. Wa Tokelau walikuwa na lehemu nyingi zaidi. Na bado magonjwa ya moyo yalikuwa haba kotekote. Walikuwa wavuvi, walikula samaki, na sukari kidogo. Kwa hiyo babu yako hakukosea. Lakini babu alikwenda na tui lake shamba kwa miguu. Wewe umekuja nalo hapa kwa bodaboda, pamoja na soda. Tui la samaki wa Ijumaa sina ugomvi nalo. Ninagombana na tui la kila mchana, likifuatwa na maandazi ya jioni.

Narudi kwenye ini na vile viuno. Ini lenyewe huweza kujaa mafuta, bila maumivu na bila macho kugeuka manjano. Wengi huambiwa tu siku wamekwenda kupiga picha ya tumbo kwa sababu nyingine. Pombe huleta hali hiyo, na unene, na sukari pia, kwa kuwa ini hugeuza sukari iliyozidi kuwa mafuta. Je, aina ya mafuta ina neno? Watafiti wa Uppsala, Sweden, waliwalisha vijana 39 wembamba keki ndogo za ziada kwa wiki 7. Kundi moja keki za mawese, jingine za alizeti. Makundi yote yaliongezeka uzito sawa, kilo moja na nusu hivi. Lakini mafuta kwenye ini yaliongezeka zaidi kwa waliokula ya mawese. Aina ina neno, basi. Ila msiondoke hapa mkanunua alizeti mkayamimina kama maji, kwa sababu kijiko kikubwa cha mafuta yoyote kina kalori 120.

(Mama lishe: "Alizeti ghali, na kwenye karai yanaharibika upesi.")

Ni kweli, mama, yote mawili. Mawese yanahimili moto, ndiyo maana wauza chipsi wanayapenda. Basi ya karai yabaki yale yale, ila yakibadilika rangi na kuanza kutoa povu na moshi, mwaga. Alizeti weka kwenye mchuzi na mboga, na pima kwa kijiko. Mkono ukishika dumu hauna kipimo.

(Kijana: "Shemeji yangu Njombe alirudisha mafuta dukani, yaliganda. Si yamechakachuliwa?")

Kama ni ya mawese, mwambie amwombe radhi muuza duka. Njombe, kwa baridi yake ya Julai, mawese yasipoganda ndipo ushangae. Na kama chupa inasema alizeti? Alizeti ghafi ya kukamuliwa kijijini hufanya ukungu kwa baridi, ile ni nta yake. Lakini yakiganda mpaka yanachotwa kwa kijiko kama samli, shemeji ana haki ya kurudi pale dukani, na chupa mkononi.